Ruta mbili, nyumba moja: kwa nini waifai ya ghorofani inakataa

Ruta ya kwanza huja na kampuni ya intaneti. Fundi wao huifunga sebuleni, palepale waya wa faiba ulipopenyea, hupima kwa simu yake akiwa amesimama hatua mbili kutoka ilipo, kisha huaga. Wiki haiishi kabla wa ghorofani hawajaanza kulalamika. Zege la dari, kuta za tofali za saruji, na huku pwani zile nyumba kongwe za mawe ya matumbawe zenye kuta nene: mawimbi yanafika juu yakiwa hoi. Basi mwenye nyumba ananunua ruta ya pili, anavuta waya hadi juu, anachomeka, na baada ya siku mbili ananipigia simu.

Simu hizo karibu zote zina mzizi mmoja. Nyumba ina ruta mbili, na kila moja inajiona ndiyo kuu. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Kasha tunaloliita ruta lina vifaa vinne ndani yake. Yupo mlinda lango, anayetenganisha nyumba na mtandao wa nje. Yupo mgawaji wa anwani, yule anayeandikwa DHCP kwenye ukurasa wa mipangilio: kila simu inayoingia, yeye ndiye anayeipa namba yake ya IP na kuielekeza lango la kutokea. Kuna swichi, yaani yale matundu ya nyuma yaliyoandikwa LAN. Na kuna redio, ambayo ndiyo waifai yenyewe. Nyumba inataka mlinda lango mmoja na mgawaji mmoja. Matundu na redio ongeza upendavyo. Kwa hiyo ruta ya pili inatakiwa ivuliwe kazi mbili za kwanza, ibaki na mbili za mwisho. Shika hilo, maana nitalirudia.

Kabla hujagusa kitu

Tafuta laptopu yenye tundu la waya, na waya mfupi unaouamini. Zima kabisa ruta ya pili. Chomeka laptopu kwenye tundu la LAN la ruta kuu, upime. Kama hapo napo intaneti inasuasua, acha kuhangaika na ghorofa; shida iko kwenye kampuni au kwenye faiba, na ruta ya pili haiwezi kuiponya. Taa nyekundu yenye maandishi LOS kwenye kisanduku cha faiba maana yake mwanga haufiki, na hapo ni kuwapigia wenye waya.

Chini kukiwa salama, washa ruta ya pili, panda juu na simu, ungana na waifai ya juu. Ingia kwenye Mipangilio, gusa jina la mtandao, usome mistari miwili: anwani ya IP na lango. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika ipconfig, na mstari wa mwisho katika sehemu ya waifai ndio lango. Ziandike namba hizo kwenye karatasi. Halafu shuka, fanya hivyohivyo kwa simu iliyounganishwa chini, uzilinganishe. Watu wengi wanairuka hatua hii, wanakimbilia kuzima na kuwasha. Naisisitiza kwa sababu karatasi hiyo ndogo imeniokolea saa nyingi sana: nusu ya matatizo haya yanajionyesha hapo, kabla hujagusa waya wowote.

“Juu inasema imeunganishwa, lakini intaneti hakuna”

Hili ndilo lalamiko linaloongoza, na lina sura tatu.

Sura ya kwanza: laptopu inaonyesha anwani inayoanzia na 169.254, au simu imeganda kwenye kutafuta anwani ya IP. Maana yake iliomba namba na hakuna aliyeijibu. Ukikuta hivi, ruta ya pili tayari imezimwa ugawaji wa anwani, ila waya unaotoka chini haufikishi kitu. Ama umekatika, ama kichwa chake hakijakaa, ama umechomekwa kwenye tundu la WAN, lile la kupokea intaneti kutoka nje, badala ya LAN. Hilo la tatu ndilo la kawaida. Hamisha waya, tatizo limekwisha.

Sura ya pili: waya uko kwenye WAN ya ruta ya pili, nayo bado inafanya kazi zake zote nne, na ruta zote mbili zinatumia anwani za familia moja, tuseme 192.168.1. Ruta ya pili inaona 192.168.1 upande wa ndani na 192.168.1 upande wa nje, haijui barua ipelekwe mlango gani. Ruta nyingine hujigundua zikajibadilisha zenyewe, nyingine hukaa kimya. Ukitaka iendelee hivyo, ipe familia nyingine ya ndani, mfano 192.168.50.1. Mimi simshauri mtu wa nyumbani abaki hapo, na sababu zangu ziko mbele.

Sura ya tatu ndiyo inayotesa watu, kwa sababu leo inakubali, kesho inakataa.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Tanga aliniita kwake kwa shida hii. “Shikamoo, mwalimu.” “Marahaba, mwanangu. Hii ya juu asubuhi inakubali, jioni inakataa. Na sasa hata televisheni ya chini imeanza kuiga.” Kila fundi aliyefika kabla yangu alizima ruta, akawasha, ikakubali, akalipwa, akaenda. Waya wake ulitoka LAN ya chini ukaingia LAN ya juu, sawasawa kabisa. Kitu kimoja kilisahaulika: ugawaji wa anwani kwenye ruta ya juu ulikuwa bado umewashwa.

Sikiliza kinachotokea. Simu inapoingia kwenye mtandao haimjui mtu. Inapaza sauti: nani atanipa anwani? Sauti hiyo inakwenda kwenye nyaya zote, juu na chini. Ruta zote mbili zinajibu, na kwa kawaida simu inashika jibu lililotangulia. Likitangulia la ruta kuu, simu inaambiwa lango ni 192.168.1.1, na kila kitu kinakwenda. Likitangulia la ruta ya juu, simu inaambiwa ipitie kwa ruta ya juu, ambayo haina njia ya nje, kwa kuwa tundu lake la WAN ni tupu. Simu inajiona imeunganishwa, tena mawimbi yamejaa, lakini imeelekezwa kwenye mlango wa ukuta. Na anwani hutolewa kwa muda. Ruta nyingi huweka saa 24 au pungufu ya hapo. Mwalimu akienda sokoni na simu yake, akirudi kinyang'anyiro kinaweza kuanza upya. Televisheni ya chini nayo ilishika jibu la juu kwa njia hiyohiyo, ingawa haijawahi kuiona waifai ya juu. Ndiyo maana kuzima na kuwasha kulisaidia: kuliichezesha kete upya tu.

Dawa yake ina mpangilio, na mpangilio una maana. Chomoa ruta ya pili kwenye mtandao wote, uiunge na laptopu peke yake kwa waya. Fungua ukurasa wake kwa anwani iliyoandikwa kwenye lebo ya chini yake. Kwanza badilisha anwani yake ya LAN iwe ya familia moja na ruta kuu, lakini isiwe ileile, wala isiwe ndani ya fungu ambalo ruta kuu inagawa. Kama ruta kuu ni 192.168.1.1 na inagawa kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.199, mpe ya pili 192.168.1.2. Ukurasa utakata, ingia tena kwa anwani mpya. Weka jina la waifai na nenosiri, chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3, na ubadilishe pia nenosiri la ukurasa wenyewe, usiache lile la kiwandani. Mwisho kabisa zima DHCP. Ukianza kwa kuizima, laptopu yako inaweza kukosa anwani katikati ya kazi ukabaki umefungiwa nje. Likikukuta hilo, ipe laptopu anwani kwa mkono, mfano 192.168.1.50, utaingia.

Sasa vuta waya kutoka LAN ya ruta kuu uingie LAN ya ruta ya pili. WAN ya juu iache tupu. Bandika kipande cha karatasi juu ya ruta uandike 192.168.1.2, maana miezi sita ijayo hakuna atakayekumbuka. Halafu zima waifai kwenye kila simu na uiwashe, ili zitupe anwani za zamani. Televisheni ichomoe kwenye umeme kidogo.

Ruta nyingi za miaka ya karibuni zina chaguo linaloandikwa Access Point, au kwa kifupi AP. Ukiliona, lichague, litakufanyia yote hayo kwa mguso mmoja, na kwa kawaida utaruhusiwa kutumia hata tundu la WAN. Wakati wa kununua ulizia hilo kabla ya kuhesabu antena. Wingi wa antena kwenye kasha si kipimo cha kitu.

“Nikiichomeka tu, nyumba nzima inazima”

Ikizima baada ya kuchomeka LAN kwa LAN, shuku kwanza kwamba ruta zote mbili zinaitwa 192.168.1.1. Wawili wenye jina moja wakiitwa, wote wanaitika, na ujumbe unakwenda kwa asiyehusika. Ruta mbili za kampuni moja zina hatari hiyo zaidi, kwa sababu zimetoka kiwandani na anwani ileile. Hatua nilizozieleza juu zinaiondoa.

Ukikuta anwani ni tofauti, tazama taa. Zikiwa zote zinapepesa kwa kasi, kwa pamoja, bila kupumzika, hata kama hakuna anayetumia kitu, umetengeneza duara. Waya mmoja umetoka kwenye swichi ukarudi kwenye swichi hiyohiyo, au nyaya mbili zinaunganisha ruta zilezile. Ujumbe unaotumwa kwa wote unazunguka, kila mzunguko unazaliana, na katika sekunde chache mtandao umejaa hadi hakuna nafasi ya kitu kingine. Ruta na swichi za bei ya kawaida mara nyingi hazina kinga. Duara nililolikuta mara nyingi zaidi ni la huruma: mtu anafagia chumba, anaona ncha ya waya imelala sakafuni, anadhani imechomoka, anairudisha kwenye tundu la karibu. Sura nyingine ni ya ruta ya pili iliyowekwa irudie mawimbi ya ruta kuu kwa redio, kisha mwingine akaichomeka na waya pia. Chomoa nyaya moja baada ya nyingine ukitazama taa. Zikitulia, umeshika mkosaji.

“Intaneti ipo, ila printa haionekani na kamera hazifunguki”

Hapa ndipo zile sababu zangu. Waya ukiwa kwenye WAN ya ruta ya pili, na ruta hiyo ikibaki na mlinda lango wake, nyumba inagawanyika kuwa mitandao miwili. Aliye juu anaweza kutoka nje kupitia milango miwili, ndiyo maana kurasa zinafunguka. Lakini simu ya chini ikiitafuta printa ya juu inakuta ukuta. Kurusha video kutoka simu kwenda televisheni kunakataa. Wenye kucheza michezo mtandaoni wanapata onyo kwamba NAT, yaani kazi ya mlinda lango ya kubadilisha anwani za ndani kuwa ya nje, ni kali. Karatasi yako itakuwa imeshasema: chini 192.168.1, juu 192.168.0 au nyingine. Irudishe ruta ya pili kwenye kazi mbili, nyumba itakuwa moja.

Kama familia ya anwani ni moja na bado printa haionekani, angalia kama umeingia kwenye waifai ya wageni. Hiyo imetengenezwa makusudi isione vifaa vya ndani.

Kamera za ulinzi zina jambo lake. Mtu anataka kuzitazama akiwa safarini, anafungua mlango wa kuingilia kutoka nje (port) kwenye ukurasa wa ruta ya pili, anafungua kwenye ruta kuu, na bado hazifunguki. Tazama anwani ya WAN ya ruta kuu. Ikiwa iko kati ya 100.64 na 100.127, au inaanzia na 10, kampuni yako imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, na hakuna mlango utakaoufungua nyumbani ukasaidia. Fungu hilo la 100.64 lilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo, kwa kuwa anwani za zamani zilikuwa zinakwisha. Una njia mbili: omba anwani ya umma kwa kampuni, mara nyingi kwa malipo, au tumia kamera zinazopitia huduma ya mtengenezaji wake.

“Nimekaa chini ya ruta ya juu, lakini simu inang'ang'ania ya chini”

Wengi wanailaumu ruta. Anayechagua ni simu. Nyingi haziachii mtandao zilioushika mpaka mawimbi yadhoofike sana. Apple wameandika kwamba iPhone huanza kutafuta pengine yanaposhuka hadi -70 dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi ambacho kikizidi kwenda chini ya sifuri, mawimbi ni dhaifu zaidi. Ikiwa ruta ya chini inafika juu kwa unyonge wa -65, simu haioni sababu ya kuhama.

Zipe ruta zote mbili jina moja, nenosiri moja na aina moja ya ulinzi. Herufi kubwa ikipishana na ndogo, simu inayahesabu majina mawili. Kisha punguza nguvu ya redio ya chini, kama ukurasa unaruhusu. Watu wanashtuka nikisema hivi, lakini redio inayopiga kelele nyumba nzima ndiyo inayoifunga simu. Kwenye masafa ya redio ya 2.4 GHz tumia chaneli 1, 6 au 11 pekee, na ruta zako mbili zisishike moja: chini 1, juu 6, au 11 kama jirani ameijaza 6. Chaneli ya 3 si ukombozi, inaingiliana na 1 na 6 kwa pamoja. Masafa ya 5 GHz yana nafasi zaidi na kasi zaidi, ila yanaishiwa pumzi kwenye ukuta mnene, kwa hiyo usiyategemee yavuke zege.

Ikiwa una mgeni mzee au mtoto anayechanganyikiwa, majina mawili tofauti si dhambi. Atachagua mwenyewe anapopanda.

“Chini spidi iko juu, juu spidi iko chini”

Kwanza uliza ruta ya pili inapataje intaneti. Ikiwa inarudia mawimbi kwa redio ileile inayohudumia simu, kasi inashuka kama nusu hivi, kwa sababu redio moja haiwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja. Na ukiiweka kwenye kona ambayo waifai haifiki, itarudia unyonge. Mahali pake ni katikati ya njia, juu ya ngazi kwa mfano, pale mawimbi ya chini bado yana afya. Ila ukiweza waya, vuta waya.

Ikiwa waya upo na kipimo kinagota kama 94 Mbps kila mara, umegonga ukomo wa tundu la megabiti 100. Ruta nyingi za bei ndogo zina matundu hayo, na kifurushi chako kikiwa chini ya hapo huna cha kubadilisha. Lakini kama ruta zote mbili zina matundu ya gigabiti na bado unaona 94, shuku waya. Megabiti 100 zinahitaji nyuzi nne kati ya nane. Gigabiti inazihitaji zote. Uzi mmoja uliokatika au kubanwa vibaya unaishusha kimyakimya, bila kosa lolote kuonekana. Bana kichwa upya, ncha zote mbili kwa mpangilio mmoja: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Nunua waya wa daraja la Cat5e au Cat6 wenye nyuzi za shaba tupu. Zile za alumini iliyopakwa shaba ni rahisi, nyepesi mkononi, na nyuzi zake hukatika zikikunjwa. Waya usizidi mita 100, jambo ambalo nyumbani si tatizo isipokuwa umeuzungusha uwanja mzima kwenda banda la uani.

“Umeme ukikatika na kurudi, juu inagoma”

Ruta iliyobaki na kazi mbili haipati shida sana hapa: ruta kuu ikishaamka, ya juu inaendelea. Subiri dakika tano kabla ya kugusa. Isipoamka kabisa au ikijizima kila inapotumiwa na wengi, tazama adapta. Baada ya umeme kurudi kwa kishindo adapta huungua, na mtu huchukua nyingine kwenye droo, ya redio au ya kisimbuzi. Ruta ya volti 12 ikipewa 9 inaweza kuwasha taa zote na bado ikaanguka kazini. Ya volti 9 ikipewa 12 unaweza kuiunguza. Volti ziwe sawa na lebo, ampea ziwe sawa au zaidi. Betri ndogo ya akiba kwa ajili ya ruta, yenye volti zilezile, ni fedha iliyotumika vizuri.

Kuna dalili moja inayokuja baada ya amani ndefu. Mtandao ulikuwa mzuri mwaka mzima, halafu ghafla leo unakubali kesho unakataa, chini na juu, na jina la waifai ya juu limerudi kuwa lile la kiwandani. Mtu alibonyeza kile kitufe kilichozama nyuma kwa ncha ya kalamu, akidhani anaiwasha upya. Ruta imesahau yote uliyoifundisha: imerudi na anwani yake ya zamani, na imeanza tena kugawa anwani nyumbani kwako. Usianze kuzungumza na kampuni. Panda juu, chomoa waya unaotoka chini kabla ya kitu kingine chochote, na chini kutatulia mara simu zikiungana upya. Kisha chukua laptopu uirudishe kwenye 192.168.1.2.